Simu za njia ya intaneti: zinafanya kazi namna gani, na tuzitumie namna gani tukiwa mbali na kwetu



Katika mikutano na kamati za wahamaji na viongozi wa mitaa, tunaulizwa maswali mengi juu ya simu. Kwa nini WhatsApp inapeleka ujumbe lakini ikipigwa inakatika? Ni bure kweli, ama tunaibiwa mega? Mtu mwingine anaweza kutusikiliza? Na ile namba ya kijani ya shirika, anayepokea upande wa pili ni nani?

Haya si maswali ya kupitisha wakati. Mwezi wa pili mwaka 2025, kambi zilizozunguka mji wa Goma zilipobomolewa, familia zilishika njia mbalimbali: mmoja Masisi, mwingine Rutshuru, mwingine akabaki mjini kwa jamaa. Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka mipaka, wako Uganda, Rwanda, Burundi. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na jirani, mara nyingi kitu kinachobaki mkononi mwake ni simu. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza polepole simu hizi za intaneti ni nini, zinasaidia wapi, na zinaweza kuponza wapi.

Sauti inavyosafiri

Simu ya zamani ya waya ilikuwa kama barabara iliyofungwa kwa ajili ya watu wawili. Mkiwa mnaongea, hata mkinyamaza, njia yote ni yenu mpaka mkate. Ndiyo sababu mlilipa kwa dakika, na safari ndefu ilikuwa na bei kubwa.

Simu ya intaneti haifungi barabara. Sauti yako inageuzwa kuwa hesabu: katika namna ya kawaida ya simu, mashine inapima sauti mara 8000 kwa sekunde moja. Hesabu hizo zinakatwa vipande vidogo, kila kipande kikibeba sehemu ndogo sana ya neno, kwa kawaida sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Fikirini wapagazi 50 wanaotoka kila sekunde, kila mmoja na kifurushi chake mgongoni na anwani imeandikwa juu. Si lazima wote wapite njia moja. Wakifika, simu ya yule anayesikiliza inawapanga kwa foleni, inafungua mizigo na kuirudisha kuwa sauti.

Hapa ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Ukituma ujumbe wa maandishi na kifurushi kimoja kikapotea njiani, simu inakiomba tena, hata mara kumi, mpaka ujumbe ukamilike. Ujumbe una uvumilivu. Lakini neno la mdomo halingoji. Mpagazi aliyechelewa hata nusu sekunde, mzigo wake unatupwa, kwa sababu mazungumzo yamekwisha kupita. Wakichelewa wachache hamtasikia tofauti kubwa. Wakichelewa wengi, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, kisha inakatika. Kwa hiyo rezo hafifu inaweza kubeba SMS na WhatsApp ya kuandika vizuri kabisa, na hapohapo kushindwa kubeba sauti. Simu yenu si mbovu, na si lazima mtu awe anawachezea.

Wanaojua kazi hii wanasema safari ya upande mmoja isipite sehemu 150 za elfu za sekunde, la sivyo watu wanaanza kukatizana. Wale waliotumia saiba za Goma, Bukavu au Bunia katika miaka ya 2000 wanakumbuka taabu ile. Intaneti ilipita kwenye satelaiti iliyo juu kilomita karibu 36 000. Sauti ikipanda na kushuka, robo ya sekunde imekwisha, na jibu linahitaji robo nyingine. Kila mtu alidhani mwenzake amenyamaza, wakaongea wote kwa pamoja. Dawa ilikuwa ileile ya fonia: sema, maliza, ngoja. Hata leo, rezo ikiwa mbaya, desturi ya fonia inasaidia kuliko kupiga kelele.

Ilianza wapi

Kampuni moja ya Israeli, VocalTec, ndiyo iliyouza mapema programu ya kupiga simu kwa intaneti, mwaka 1995. Lakini jambo lilienea duniani mwaka 2003, Skype ilipotoka. Waanzilishi wake walikuwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na programu yenyewe iliandikwa na mafundi wa Estonia. Kompyuta kwa kompyuta ilikuwa bure. Kupiga namba ya simu ya kawaida kulilipiwa. Familia nyingi zilizokuwa na mtoto Ubelgiji au Kanada zilisikia sauti yake kwa mara ya kwanza bila kununua kadi ya dola kumi.

Skype ilinunuliwa na eBay mwaka 2005, halafu na Microsoft mwaka 2011 kwa dola bilioni 8,5. Na tarehe 5 mwezi wa tano 2025 ilifungwa. Watumiaji walielekezwa kwenye Teams, programu nyingine ya kampuni hiyohiyo. Tunaeleza hayo kwa makusudi. Huduma hizi si mali yetu. Kampuni inaweza kuifunga ikiwa mbali kabisa na sisi, na orodha ya majina aliyokuwa nayo mtu humo ikampotea. Kwa familia iliyokimbia, orodha ya namba ndiyo ukoo. Ziandikeni kwenye karatasi, au nyuma ya kadi ya ubatizo ya mtoto, na watoto wakubwa wajue kwa kichwa angalau namba mbili. Karatasi haihitaji kushajiwa.

WhatsApp ilianza mwaka 2009 kwa ujumbe tu. Kupiga kwa sauti kulikuja 2015. Kuongea watu wengi pamoja kulikuja 2018, mwanzo watu wanne, na mwaka 2022 wakafika 32. Namba hiyo ya mwisho ni muhimu kwa kamati za amani, tutairudia.

Ni bure kweli?

Si bure. Hulipi dakika, unalipa mega. Tufanye hesabu kidogo. Sauti ya simu isiyobanwa inakula karibu mega moja na kidogo kwa dakika, kwenda na kurudi pamoja. Ikibanwa sana inashuka mpaka theluthi ya mega hivi. Haishuki zaidi kwa sababu ya kichekesho: kila kifurushi lazima kibebe anwani yake, na mzigo ukishabanwa, anwani inakuwa nzito kuliko mzigo. Ni kama kubeba muhogo mmoja ndani ya kikapu cha kilo tano. Basi hesabuni kati ya nusu mega na mega moja kwa dakika ya sauti. Picha ya video inakula mara nyingi zaidi. Kama mna mega 50 tu na mnataka kujua hali ya mgonjwa, zimeni kamera. Ndani ya WhatsApp, upande wa mipangilio, kuna pia kitufe cha kupunguza data wakati wa kupiga simu, na kingine cha kuzuia picha na video kujipakua zenyewe. Mara nyingi hizo picha za magrupu ndizo zinazomaliza mega, siyo mazungumzo na mama.

Kwa simu za ndani ya nchi, tofauti si kubwa daima. Mkiwa na promosheni ya dakika kwa kampuni moja, kupiga kawaida kunaweza kuwa rahisi, na kunafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya kubonyeza. Faida kubwa ya intaneti iko kwenye simu za nje. Mtu akipiga +243 kwa njia ya kawaida kutoka Ulaya, kampuni ya Kongo inayopokea inadai malipo yake, na bei inapanda. Simu ya WhatsApp haipiti kwenye mlango huo.

Kwa sababu ya mlango huo kuna watu wanaofanya biashara ya kujificha. Wanaweka sanduku lenye kadi nyingi za SIM, wanapokea simu za nje kwa intaneti, kisha wanazitoa kama simu za ndani. Hivyo mjomba anapiga kutoka Brussels, na kwako inaonekana namba usiyoijua ya hapahapa. Biashara hiyo ni haramu. Sisi tunaitaja kwa sababu moja: namba inayoonekana kwenye kioo si ushahidi wa anayepiga. Inaweza kubadilishwa hata kwa njia nyingine. Mtu akikupigia na kusema ni wa shirika fulani, au ni askari aliyemshika mwanao, na anataka feza upesi, kata. Kisha piga wewe mwenyewe kwenye namba uliyokuwa nayo zamani.

Siku hizi kompyuta zinaweza kuiga hata sauti ya mtu, kama zimepata mfano wa sekunde chache. Kwa hiyo familia nyingi zinafanya vema kuwa na swali la nyumbani: jina la mbuzi wa babu, au nani alianguka kisimani. Swali lisiwe lile ambalo kijiji kizima kinajua.

Namba yako ikipotea

Wakati wa kukimbia, kadi za SIM zinapotea, au zinakaa miezi mingi bila yunite. Kampuni inaweza kuifunga namba na baadaye kuiuza kwa mtu mwingine. WhatsApp inamtambua mtu kwa namba. Anayenunua namba ile anaweza kuanza kupokea simu na ujumbe wa jamaa zako, wao wakidhani ni wewe. Ukipata namba mpya, ingia kwenye mipangilio ubadilishe namba, na uwaambie jamaa kwa sauti yako. Kama bado unayo namba ya zamani, weka yunite kidogo mara kwa mara.

Na ile hesabu ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS, usimpe mtu. Haijalishi anasema ni wa kampuni, wa ugawaji wa chakula, ama ndugu. Ni ufunguo wa nyumba. Anayeupata anaingia, anakutoa nje, na kuanza kuomba feza kwa jina lako. Kuna kinga ya pili, siri ya tarakimu sita unayochagua mwenyewe. Tunashauri viongozi wote waiweke, kwa kuwa jina la kiongozi likiibiwa, madhara yanafika kwa watu wote.

Sentrali za mashirika

Ofisi nyingi siku hizi hazina tena sentrali ya waya. Zinatumia programu. Mwaka 1999 kijana mmoja Mmarekani, Mark Spencer, hakuwa na uwezo wa kununua sentrali kwa ajili ya kampuni yake ndogo, akaandika ya kwake akaiita Asterisk, na akaitoa bure kwa yeyote. Kompyuta ndogo yenye programu hiyo inaweza kupokea simu, kuziweka kwa foleni, kuzirekodi, na kusema "kwa Kiswahili bonyeza 1, kwa Kilingala bonyeza 2". Makampuni mengine, kama RingCentral, 8x8, Zoom na Microsoft, yanakodisha sentrali ya namna hiyo kwa mwezi, na mashine yenyewe iko nchi nyingine.

Hiyo ndiyo inaweza kuwa nyuma ya namba ya kijani. Kutoka kwako mpaka mnara ni simu ya kawaida, hata kwa simu ndogo ya kubonyeza, na haihitaji mega. Baadaye sauti inageuzwa kuwa vifurushi, inafika kwa anayepokea, ambaye anaweza kuwa Goma, Kinshasa, au nje ya nchi. Kumbe wengi wametumia simu ya intaneti bila kujua. Namba ya kijani inafanya kazi tu kwenye makampuni ya simu ambayo shirika limepatana nayo. Kama inakataa kwenye rezo yako, jaribu kadi ya jirani kabla ya kusema shirika limedanganya.

Kwa viongozi, hapa tunataka kukaa kidogo. Namba hizo ni kwa ajili ya malalamiko: chakula kilichopunguzwa, jina lililofutwa kwenye orodha, mfanyakazi aliyemtaka msichana kwanza ndipo ampe jeton. Mama anayepiga simu ya namna hiyo anahatarisha usalama wake. Shirika likileta namba kambini, ninyi mna haki ya kuuliza mbele ya watu wote: Simu zinarekodiwa? Sauti inakaa wapi, na kwa muda gani? Nani anaruhusiwa kusikiliza, na je, wafanyakazi wa hapa kambini wamo? Namba ya anayepiga inaonekana? Kuna mwanamke wa kupokea? Jibu litakuja kwa siku ngapi? Sentrali za leo zinaweza kuficha namba, na zinaweza kufunga sauti kwa watu wawili tu. Kama halikufanyika, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyeliomba. Tumeona pia kwamba namba ambayo haijibu inaumiza kuliko kutokuwa na namba. Watu wanakata tamaa mara moja, na hawapigi tena hata siku ya hatari.

Nani anasikia?

Tangu mwaka 2016 mazungumzo ya WhatsApp yanafungwa kwa siri kutoka simu moja mpaka nyingine. Kampuni ya simu haiwezi kusikia maneno, na WhatsApp yenyewe pia haiwezi. Signal inafanya vilevile, na tangu 2024 inaruhusu kuongea na mtu bila kumwonyesha namba yako. Simu ya kawaida haina kinga hiyo: kampuni inaweza kuisikia ikiamriwa.

Lakini siri hiyo inafunika maneno tu. Haifuniki kwamba fulani alimpigia fulani saa nne za usiku. Na haina nguvu yoyote kama simu yenyewe iko mikononi mwa mtu. Kwenye bariera, mwenye silaha hahitaji mtaalamu. Anasema fungua, anasoma orodha ya waliopiga, anaona magrupu na majina. Mpatanishi anayeongea na pande mbili anabeba maisha ya wengine mfukoni. Msiweke jina la cheo kwenye namba ya mtu. Tumieni ujumbe unaojifuta, futeni orodha ya simu kabla ya safari, na grupu la kazi ya upatanisho lisiwe na jina linalojitangaza. Simu tupu kabisa nayo inatia wasiwasi, kwa hiyo salamu za familia na picha za harusi zibaki.

Sasa turudi kwa wale watu 32. Kamati za vijiji viwili ambavyo barabara kati yao imefungwa zinaweza kukutana kwa simu. Tunaona inafaa kwa mambo ya haraka: ng'ombe walioingia shambani, siku ya soko, kupita kwa mgonjwa. Kwa habari ya damu, hatushauri. Mzee anayezungumza juu ya mtoto wake aliyeuawa anahitaji kuonwa uso, kunyamaziwa, kupewa maji. Simu haijui kunyamaza. Kimya cha sekunde tano, wote wanauliza kama rezo imekata. Tena huwezi kujua nani amekaa pembeni ya msemaji.

Inafaa sana, hata hivyo, kwa kuvunja uvumi. Sauti iliyorekodiwa inazunguka: "Wamefika, wanachoma, kimbieni." Haina tarehe. Inaweza kuwa ya mwaka jana, ya wilaya nyingine. Ikiwa na alama ya mishale miwili, imepitishwa mara nyingi, na aliyekuletea hamjui aliyesema. Mtu wa kwenye simu, yuko hai sasa hivi, unaweza kumwuliza: uko wapi, unaona nini kwa macho yako, nani mwingine yuko hapo? Kila kamati iwe na watu wawili katika kila kijiji wa kupigiwa namna hiyo, mmoja mwanamke. Mpigieni wa kwanza, halafu wa pili, kabla ya kupiga kengele.

Rezo ikifungwa

Kuna siku intaneti haitakuwepo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti na SMS zilifungwa nchini kwa karibu wiki tatu. Tena minara inakosa mafuta, na vita vinaikata. Patana na jamaa mapema: tukikosana, saa fulani ya Jumapili ninapanda mlima na kupiga kwa simu ya kawaida, nikishindwa, ninaacha neno kwa paroko au kwa shefu fulani.

Kwa waliopotezana kabisa, hasa watoto waliotengana na wazazi, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Msalaba Mwekundu wa Kongo wana kazi ya kutafuta jamaa. Wanatoa nafasi ya kupiga simu, wanapeleka ujumbe ulioandikwa kwa mkono, na wanaandikisha majina ya wanaotafutwa. Mwendee mtu wa kujitolea mwenye alama ya msalaba mwekundu, umpe jina la mtoto, majina ya baba na mama, kijiji, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Hakuna malipo, na yeyote akiomba feza kwa kazi hiyo, msimpe.